Fomu ya Dini na Uuguzi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mjukuu kaleta fomu ya chuo. Anataka kusoma dini pamoja na uuguzi, mlezi asaini, mwisho Ijumaa mchana. Nimemwambia aache dini, abaki na uuguzi. Dini nimemfundisha mimi humu ndani, tena bila ada. Kanuna. Anune.

Miezi minne tangu tumzike mama yake, binti yangu. Majirani wanasema sijalia. Kweli, sijalia. Nakula, nalala, nafua.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mwalimu wa dini wa chuo hicho kaja mwenyewe. Soksi hazifanani. Eti darasani kwake wamo wa uuguzi, wa sheria, hata wa uhasibu, na hakuna aliyewahi kuona maiti ikioshwa. Mimi naosha wanawake wenzangu mwaka wa thelathini sasa. Anataka nikawafundishe. Nikamwuliza, na wewe unalipwa kufundisha nini? Akacheka, hana hata aibu.

Nitakwenda. Nikawaone hao wasomi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Hakuna jipya. Nimefua.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Chuoni wamenilazia mdoli wa plastiki mezani, ule wa mazoezi ya wauguzi. Nikaonyesha: unafunika kwanza, unaanza mkono wa kulia, maji ya uvuguvugu, na ulichokiona mwilini hukisemi nje. Mmoja anatafuna jojo — nikamtemesha. Wa uuguzi akauliza, na kama kidonda kilimuua, husemi? Wa sheria akadakia, siri hiyo ni ya nani, ya maiti au ya ndugu? Wakajibizana wao kwa wao. Miaka thelathini sijaulizwa hivyo. Nikasahau kuwakaripia.

Kisha mjukuu wangu, aliyenisindikiza, akanyoosha mkono, kama hanijui.

"Bibi, ulipomwosha Mama ulianzia wapi?"

"Nywele," nikasema. "Kama alipokuwa mdogo. Nilikosea."

Hakuna aliyeandika. Nikamfunika yule mdoli, nikaomba maji ya kunywa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Fomu mwisho saa sita mchana. Mjukuu yuko mlangoni, kashavaa viatu, hanisemeshi. Mimi na kalamu. Dini na uuguzi, vyote viwili, kaandika kwa mwandiko wake mzuri.

Palipotakiwa jina la mlezi nimeandika la binti yangu. Lote, mpaka la baba yake. Limekaa pale kama la mtu aliyekwenda sokoni mara moja.

Anauliza kama tayari. Nimelifunika kwa kiganja —