Mzee wa Fito

Violet! Wewe Violet! Kwa nini umepiga muda ule?

Nilikuwa kwenye gari na mzee Loishiye, baba yake Yiamat. Baba mkwe wangu mtarajiwa! Tunaelekea kwao, mbele ya Oldonyo Sambu, kule mtandao hakuna kabisa.

Ile antena ndefu aliyonunua mzee akaifunga juu ya gari, niliyokutumia picha yake asubuhi tukacheka, kumbe inafanya kazi! Na simu yangu nilikuwa nimeiunganisha na spika za gari, tunasikiliza kwaya.

Kwaya ikakatika, simu ikajipokea yenyewe. Ghafla sauti yako ikajaa gari zima: "Kandida, huyo mzee wa fito la bendera ameshapata mtandao?"

FITO LA BENDERA, Violet!!

Nikabonyeza kila kitu, hukatiki. Ukaendelea: "Mbona kimya? Au fito limeanguka?"

Mzee akasimamisha gari. Nikajua posa imekufa hapo hapo. Akainamia spika, taratibu: "Haloo binti. Mzee wa fito anaongea. Unanisikia?"

Na wewe ulivyonywea! "Shikamoo baba."

"Marahaba. Sauti inakatika?"

"Haikatiki baba."

Akanigeukia, meno yote nje. "Umesikia? Haikatiki! Yiamat alisema nimetapeliwa!"

Yaani hajakasirika hata kidogo. Tumefika, hata hajashuka vizuri anamwita mama Yiamat, anawaita na majirani: kuna binti yuko Kijenge amemsikia safi kabisa.

Sasa anasema siku ya posa uje bila kukosa. Anataka kumwona shahidi wake.