Moto wa Debe Unangoja Neno Lako

Kambi ya Machimbo, Saza
Wakati wa mvua kubwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nauliza mgongo wako, nauliza kile kifua cha baridi, nauliza na ulezi wa bondeni kama umeota au ndege wameumaliza. Petro, mdogo wangu unayeisoma barua hii, msomee mama polepole, wala usiruke mahali ukiona namlaumu. Mimi mwili ni mzima. Bado napika katika jiko la wafanyakazi, na masufuria ya huku ni makubwa hata mbuzi angeweza kulala humo akajinyoosha. Moyo ndio haujambo kwa shida.

Mkamwana wako Tabitha aliugua homa mara tu mvua zilipoanza. Homa ikapungua, lakini maziwa yakapungua nayo. Mjukuu wako Yakobo ananyonya, anaachia, analia, anarudi tena, hapati kitu. Mganga wa hospitali ya kambi alimpima akasema, "Huyu haumwi. Ana njaa. Mpeni uji." Neno dogo hilo, mama, lakini wewe unajua kwa nini kwetu limekuwa mlima.

Siku tunaondoka Ndalambo ulimshika Tabitha mkono mbele ya watu ukamwambia, "Mjukuu wangu asile kilichopikwa kwa moto wa watu. Hujui aliyeuwasha ametoka wapi na amelala na nani." Akaitikia kwa neno letu la heshima, "Ndiyo, mukwai," na mpaka leo anaitikia. Huko nyumbani sheria hiyo ni nyepesi, kila mji una mafiga yake. Huku nyumba zimeshikana mgongo kwa mgongo, Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha na sisi Wanamwanga, na asubuhi kaa la moto linatoka mlango huu kuingia mlango ule kama vile watu wanavyoombana chumvi. Viberiti vimeadimika dukani tangu vita hivi vianze. Kwa hiyo moto wetu niliupekecha mwenyewe kwa vijiti, kama babu. Kila nikienda kazini Tabitha analala kwa udhaifu, moto unazimika, nami nikirudi nakuta mtoto amelia hata sauti imekauka. Vijiti navyo mvua imevilowesha. Nimepekecha mpaka viganja vimetoka malengelenge, na moshi tu ndio uliokuja.

Ndipo nikakumbuka tanuru la babu la kuyeyushia chuma, jinsi alivyokuwa akiziba tundu hili kwa udongo na kufungua lile. Nikatwaa debe la mafuta ya taa, nikalikandika ndani udongo wa kichuguu, nikaweka katikati chekeche la waya la kukalia makaa. Chini nikatoboa mlango mdogo na kuutengenezea kipande cha bati cha kusogeza. Vijiti nikavikausha kando ya jiko la kazini, nikapekecha tena hata moto ukashika. Mara ya kwanza mlango huo niliuacha wazi. Moto ukavuma kwa furaha, uji ukashika chini, na kabla ya adhuhuri makaa yote yalikuwa majivu. Mara ya pili nikafunga kabisa kwa hasira, moto ukafa kabla sijafika kazini. Nilijiita mpishi mjinga, na Tabitha hakunibishia.

Kumbe moto nao unavuta na kutoa pumzi. Ukiuzibia chini hauvuti, ukiuzibia juu hautoi. Nikaacha ufa chini wa kupita kidole cha mwisho, na juu nikainua sufuria kwa vijiwe vitatu ili hewa ya moto ipate njia ya kutokea. Makaa nikayafunika majivu membamba. Upepo ukitoka upande wa mlango wa bati, naligeuza debe liupe mgongo. Nikaweka mkono juu ya sufuria, nikaweza kuutuliza pale bila kuuondoa, nikajua huo ndio moto ninaoutaka. Uji wa ulezi ulikuwa ukichemka taratibu tangu alfajiri, ukitoa povu moja, halafu ukifikiri, halafu jingine. Niliporudi ulikuwa laini na haukuungua. Yakobo alikula hata akasinzia na kijiko mdomoni. Tabitha akacheka, mama. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Debe hilo nililiweka chini ya ukingo wa paa, nje, maana moshi wa makaa ukiufungia ndani unaua mtu kimya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku moja mvua ilikuja na upepo wa ubavuni, ikaingia ndani ya debe kupitia mlango wa bati. Tabitha alikuwa usingizini. Jirani yetu Mama Atupele, Mnyakyusa mmoja mwenye moyo mweupe, aliona moto unakufa. Akalibeba debe mpaka kwake, akatia kaa kutoka mafiga yake, akapuliza, akalirudisha na sufuria ikitokota. Alimwamsha Tabitha akijivuna, "Mwanangu, nimekuokolea uji wako!"

Tabitha alimwaga uji wote kwenye tope mbele yake.

Lakini Mama Atupele alikuwa amekwisha kumlisha mtoto kidogo kabla ya kumwamsha, na jioni hiyo hiyo mtoto akatapika. Basi ushahidi ukapatikana. Nimemwambia watoto wanatapika kila siku duniani. Nimewasha moto mwingine, mpya, jua lilipotoka. Anasema debe limekwisha kuguswa na moto wa watu, na aliyeweka sheria ndiye peke yake anayeweza kuiondoa. Uji unaiva kila siku, mzuri kuliko wa kwanza, nami naunywa mwenyewe nikiona aibu. Mtoto anabaki na matone ya mama yake. Mikono yake imekuwa myembamba, ngozi inalegea pale kwenye mapaja ulipopenda kumfinya. Mama Atupele haji tena mlangoni kwetu. Akipita anatazama chini, na sijui nimwombe radhi kwa lugha gani.

Nakukasirikia, mama. Nimesema. Petro, hapo usiruke. Nakukasirikia kwa sababu hakuna neno langu linalofika pale lako lilipofika. Na sitaki kumlazimisha, maana nikimlazimisha na mtoto akapatwa na lolote, atanitazama hivyo mpaka tuzeeke.

Msalimie shangazi, mwambie kwaya ya kanisa hapa haina sauti kama yake. Msalimie baba mdogo, mfuga nyuki, na babu wa upande wa Tabitha kule Ileje akipita. Dereva wa lori anayebeba barua hii atalala Mpemba kwa ndugu zake, kisha atarudi huku. Mwiteni, mpeni jibu mkononi. Usiandike mengi. Mwambie Petro aandike, "Tabitha, mpe mtoto ale." Weka na kidole chako cha wino, anakifahamu.

Amekaa mlangoni na Yakobo mgongoni, ananitazama ninavyoandika. Hajaniuliza ninakuandikia nini. Ameniuliza tu dereva anaondoka saa ngapi.

Ni mimi mwanao mwenye mashaka,
Yohana