Sekunde Thelathini Mlangoni

Ukunda,
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo.

Nimeliacha neno hilo peke yake kwenye mstari wake makusudi, ulione vizuri, maana barua yako ya mwisho ilinichapa viboko. Umesema naandika salamu kama mtu anayekimbia mvua: mstari mmoja, halafu habari zangu mimi. Ulistaafu ualimu, lakini kalamu nyekundu hukuirudisha shuleni. Haya basi. Hujambo? Goti la kushoto linaionaje baridi ya Kimilili? Baba bado anabishana na redio wakati wa taarifa ya habari? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawaweka roho juu? Na bibi yetu Kukhu, anakula anachopikiwa au anasusa? Mimi huku ni mzima, nakula, nalala. Wiki iliyopita tu ndiyo sikulala sana, na hiyo ndiyo nataka nikusimulie, kwa hiyo vuta kiti.

Ofisi yetu unaijua kutoka barua za zamani: chumba kimoja kando ya barabara, kompyuta moja, printa moja, na mimi. Mwenyewe, Bi Zuhura, anashinda Mombasa siku hizi akimuuguza mama yake, ameniachia funguo. Watu wanakuja kuchapiwa barua za kuomba kazi hotelini, kadi za harusi, mashtaka na malalamiko ya kila aina. Nilipofika mwaka juzi nilikuwa nawajibu huku macho yangu yako kwenye kioo cha kompyuta. Siku moja akaingia bibi mmoja wa Munje, Bi Mwanamisi, amejifunga leso zake mbili, akapiga hodi. Nikasema karibu bila kugeuka. Akasimama palepale kizingitini.

"Mwanangu," akaniambia, "wanikaribisha kwa kisogo? Mimi kisogo chako sikukijia."

Niliona haya, Mama, kama siku ile uliponisimamisha mbele ya darasa la nne. Tangu hapo nikajifunza. Huku mtu haulizwi habari moja ukamaliza. Anaulizwa alivyoamka, anaulizwa za nyumbani, za watoto, za yule mgonjwa aliyemtaja juzi, na kila swali linangojewa jibu lake. Nikawa mwanafunzi mzuri hata nikapitiliza. Na kompyuta yetu ikanisaidia, kwa sababu kitufe chake cha kuwashia kilikufa zamani, tunaiwasha kwa swichi ya ukutani, karibu na mlango. Ni nzee, inachukua dakika tatu kuamka. Basi kila asubuhi nabonyeza swichi, nasimama mlangoni, nasalimiana na wapitao mpaka nisikie mashine imetulia. Nilizipenda sana dakika hizo tatu.

Sasa habari ya Bi Mwanamisi. Ana kishamba cha minazi kule Munje, na jirani na kishamba hicho kuna kiwanja kilichouzwa kwa mtu wa mbali. Mwenye kiwanja akadai mpaka umeingia kwake na minazi tisa ni yake. Minazi hiyo, Mama, kila mmoja ulipandwa siku alipozaliwa mtoto wa ukoo wao, na una jina la mtoto huyo. Miezi miwili iliyopita Bi Mwanamisi alikuja na kaka yake, Mzee Hamisi wa Ramisi, wakakaa kwenye benchi langu Jumamosi nne mfululizo, nami nikachapa moja kwa moja wakinitajia: mnazi wa nani, nani aliupanda, uko hatua ngapi kutoka kisimani. Hatua zote zilikuwa kichwani mwa Mzee Hamisi, kwa kuwa alizipima kwa miguu yake tangu ujana. Kuchapisha tuliahirisha, tepe la printa lilikuwa limechakaa na haraka haikuwepo. Nakala kwenye disketi nilijiambia nitaiweka kesho.

Mwezi jana Mzee Hamisi akafariki. Bi Mwanamisi akaenda matangani Ramisi siku saba. Aliporudi alikuta minazi yote tisa imekatwa, visiki vimeng'olewa, na juu yake pamelimwa na kupandwa mihogo. Kisha ukaja wito: kikao cha mpaka, Ijumaa, ofisi za serikali kule Matuga. Minazi haipo, na aliyejua hatua zake hayupo. Kilichobaki ni kile nilichokichapa mimi.

Na mimi mwanao mwerevu nilifanya nini? Usinionee huruma, soma tu. Mgeni mmoja wa hotelini, kijana mpole aliyekuwa akija kuchapa barua zake, aliniachia sidii alipoondoka. Ni mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, akasema, bado uko kwenye majaribio, haujatoka madukani. Unajua huku kila mtu anasema mwaka elfu mbili ukiingia mashine za zamani zitapotea akili. Nikajiona nitakuwa wa kwanza Ukunda nzima kuwa salama. Alinieleza kwamba mfumo wa zamani hautafutika. Yote miwili itakaa, kila mmoja na chumba chake, na kila nikiwasha mashine nitaulizwa nataka upi. Jumamosi nikauweka. Mashine ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe zaidi ya saa nzima, mimi nikaenda kula.

Niliporudi nilikuta kioo kizima kibuluu, maandishi meupe yamejaa, na mashine imeganda, haisikii kidole. Nikaizima, nikaiwasha, nikasalimiana na muuza maji, nikarudi: buluu. Jumatatu hivyo hivyo. Swali nililoahidiwa, la nataka upi, sikuliona hata mara moja. Nikaelewa hivi: mfumo mpya umeumeza wa zamani, na minazi ya Bi Mwanamisi imekwenda nao.

Nikampigia simu fundi Kassim wa Mombasa. Akaniambia niiwashe kwa disketi niangalie kama diski ya ndani inasomeka. Nikatafuta disketi ya zamani sana kabatini, nikaitia. Ikajibu kwamba diski ya ndani haipo. Mama, nilikaa sakafuni. Kassim akasema basi hapo hakuna la kuokoa, atakuja Alhamisi afute kila kitu, aanze upya, kazi iendelee. Bi Zuhura naye akakubali kwenye simu, kwani kadi za harusi za watu zilikuwa zinangoja. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka.

Jumatano asubuhi, hata sijafungua dirisha, hodi. Bi Mwanamisi amefuata karatasi zake. Kwa aibu nilisema karibu nikainama kutafuta kitu ambacho sikukipoteza. Sikumwamkua. Benchi langu lilikuwa limeazimwa harusini kwa jirani, kwa hiyo akaketi kwenye kiti changu, akielekea kioo. Hakuwahi kukaa upande ule. Kioo tumekigeuzia ukuta wa nyuma ili wapitao wasisome barua za watu, na mtu akisimama mlangoni hakioni.

Nikaenda kubonyeza swichi, sijui kwa tumaini gani. Pale mlangoni akapita maalimu wa madrasa, akanisalimu, na mazoea yakanishika: za asubuhi, za vijana, za mguu wa mkewe. Niliporudi, buluu.

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, sidii, majivuno yangu, fundi anayekuja kufuta. Nilisema, "Bibi, nimekupotezea minazi yako mara ya pili." Alitazama kioo, vidole vyake vinakunja ncha ya leso.

"Na mbona hukuchagua?" akauliza.

"Kuchagua nini, bibi?"

"Ulipokuwa wazungumza na maalimu, hapa palikuwa peusi, na mistari miwili. Na chini yake namba yashuka. Herufi zenu sizijui, lakini namba nimeuzia vitumbua miaka thelathini. Ishirini na mbili, ishirini na moja, yaenda chini. Nikasema, kijana yuwajua mwenyewe. Ilipofika mwisho ikaenda zake, pakawa hivi."

Nilimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina mlango mwingine. Swali lilikuwa likiulizwa siku zote! Mashine ilikuwa ikiniuliza kila asubuhi, inaningoja sekunde thelathini, ikiona kimya inachagua yenyewe ule mpya. Na sekunde hizo zote nilikuwa mlangoni nikiuliza habari za watu.

Nikaruka kwenda kwenye swichi. Nimeweka mkono tu, nje mtu akaniita kwa jina langu, "Wafula, habari za kuamka?" Nikafungua mdomo. Bi Mwanamisi alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Leo usimjibu mtu," akasema. "Nenda ukae na mashine yako. Hapa nitasimama mimi. Apitaye nitamjibu mimi."

Nikakaa. Akabonyeza kuzima, akabonyeza kuwasha. Kioo kikawa cheusi, kikakawia kupata nuru, kisha mistari miwili ikaja, kweli, na namba chini. Ishirini na sita. Kule mlangoni nikamsikia akimjibu yule mtu taratibu, hana haraka ya kitu: sisi salama, waonaje wewe, mama hajambo, watoto je. Nikakitafuta kitufe cha mshale, macho yanakipita. Kumi na tisa. Nikashuka mstari wa chini, nikabonyeza. Mashine ikanguruma kwa uchovu wake ule ule wa kila siku, na baada ya dakika tatu ikaimba ule wimbo mfupi wa mfumo wa zamani ambao nilikuwa nauchukia.

Faili lilikuwepo. Ile disketi niliyoiamini ilikuwa ya zamani kuliko diski ya ndani yenyewe, haikujua tu kuisoma. Nikamsomea Bi Mwanamisi mstari wa kwanza: "Mnazi wa Mwanatumu. Kutoka kisimani, hatua kumi na mbili za Hamisi kuelekea baharini." Akashika ukingo wa meza.

"Soma tena hapo pa Hamisi," akasema.

Nikasoma tena. Nikasoma yote tisa, naye alikuwa akilia bila sauti, na mimi nikalia pia, sioni sababu ya kukuficha. Kisha nikachapisha nakala tatu kwa tepe jipya, na nyingine nikaweka kwenye disketi tatu, tena mbele yake. Alipofika kizingitini na karatasi zake kifuani akageuka.

"Tangu nimeingia hujaniamkua."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?" Na tukaanza mwanzo, moja baada ya moja, mpaka kwa mjukuu wake mwenye surua, na printa inapoa.

Alhamisi fundi Kassim nilimzuia kwa simu. Ijumaa nilifunga ofisi nikaenda Matuga. Afisa alizisoma karatasi, akauliza hii hatua ya Hamisi ni kipimo gani, mbona haimo kitabuni. Watu wakacheka. Bi Mwanamisi akamtazama afisa kutoka kofia mpaka viatu.

"Alikuwa kimo chako," akamwambia. "Njoo utembee."

Na kweli alasiri ile wakaenda Munje, afisa akatembea kutoka kisimani, karatasi mkononi, na hatua ya kumi na mbili jembe likapigwa katikati ya mihogo. Mizizi ya mnazi ilitoka mibichi. Wakaenda mnazi wa pili, wa tatu. Kwa wa nne mwenye kiwanja aliingia garini mwake akafunga mlango. Uamuzi wenyewe haujaandikwa, mambo ya ofisi unayajua, lakini afisa ameamuru mtu asiguse udongo ule, na Bi Mwanamisi ameshaomba miche tisa. Ule mfumo wa majaribio nimeuacha kwenye chumba chake, ila nimegeuza mpangilio, siku hizi nikikawia mlangoni mashine inauchagua wa zamani.

Mama, kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Jumatano. Nilipoondoka nyumbani mwaka juzi nilikuaga kupitia dirisha la basi, huku nikihesabu mizigo yangu. Wewe ulikuwa unasema jambo na mimi nikaitikia bila kusikia. Sijui ulisema nini. Linaniuma, na nimeona aibu kukuuliza mpaka leo.

Nisalimie Baba, umwambie betri za redio nitazileta. Nisalimie dada Nekesa na wale mapacha wake, na mjomba Simiyu anayetuchongea mizinga. Kukhu msomee barua hii polepole, upande wa sikio lake zima, na ukifika pa minazi umsomee mara mbili.

Krismasi nakuja. Ukinisikia nje, usikimbilie jikoni, na usiniulize kama nimekula. Simama tu hapo mlangoni. Nitaweka mizigo chini kwanza, nikuamkue, halafu uniambie lile ulilolisema siku ile, nami nitakuwa nakutazama.

Mwanao,
Wafula