Miramura Uliyoipanda Mara Tatu, Mzee Polikarpi

Kitendawili, Baba Deodatha. Nasimama mpakani sina fimbo wala panga. Waning'oe leo, kesho utanikuta palepale nimechipua.

Ungejibu upesi: mramura, mti tunaopanda kuonyesha shamba linapoishia. Mwaka huu nakukatalia. Jibu ni wewe.

Mwaka umetimia tangu utuache hapa Nyabiyonza, tarehe 9 Agosti 1992. Wapo walionong'ona kutuhusu kwa sababu ulifungwa mara tatu. Sisi tunazitaja mara tatu hizo kwa sauti.

Kosa lako lilikuwa barua. Aliyepigwa bure, kibarua aliyefukuzwa, wote ulikaa nao barazani ukawaandikia. Jirani yetu Uwimbabazi alipofiwa na mumewe, wakubwa wakasema asili yake ni Rwanda, aondoke, shamba ligawiwe. Wakaing'oa miramura yake. Ukaipanda tena, ukaandika barua, wakaja kukuchukua. Hukuwahi kumwinulia mtu mkono.

Askari aliyekuja kukuchukua mara ya kwanza, mwaka 1980, alikuuliza mbele yetu: "Mzee, huyu mama ni nani wako hata ulale ndani kwa ajili yake?"

Ukamnyooshea kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa kila mgeni. "Tafuna kwanza, mwanangu. Kituo cha Omurushaka ni mbali."

Mwaka 1984 miramura iling'olewa tena, ukaipanda tena. Akaja yuleyule, akasimama mlangoni. "Shikamoo mzee. Leo kahawa hakuna?" Akatafuna, akauliza lilelile. Ukacheka tu, ukavaa koti.

Mara ya tatu uliyoipanda, 1989, walikuchukua wakataka utie sahihi kwamba hutaandika tena, urudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukasema miwani umeisahau. Nikakuletea kwa miguu. Ukasoma karatasi yote polepole, ukawarudishia: "Sasa nimeona vizuri. Siwezi."

Nilikasirika, sikufichi. Miezi minane nilipalilia migomba peke yangu. Lakini ulirudi umekonda na ukaniomba kalamu kabla ya chakula, na hasira ikaniishia. Mwaka uliofuata mahakama ikasema shamba ni la Uwimbabazi. Miramura yake sasa imenipita urefu.

Jumapili, baada ya Misa ya kukuombea, majirani wote wakaribie nyumbani. Kahawa ya kutafuna itakuwepo.

Siku zote utabaki midomoni mwetu: mimi mkeo Laurensia, watoto wako Deodatha na Projest, mdogo wako Athanasi, na mjukuu wako Vestina, ambaye tayari anawaandikia watu barua kwa kalamu yako.

Nilipokuwa naandika majina haya, Uwimbabazi alikuwa amekaa hapa pembeni anachambua maharage. Nikamwambia, "Na wewe nikuandike nani wake? Askari aliuliza mara mbili, hakujibiwa."

Akamaliza maharage, akakung'uta ungo.

"Niandike binti yake," akasema.