Anwani za Kikula

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeanza! Udaktari wa chuo, doctorat ya sayansi ya data za afya. Mayimuna Nasoro — jina langu liko kwenye orodha ya chuo, Lubumbashi. Shangazi Khadija kanimwagia poda kichwani, nusu kopo, kama anavyofanyiwa aliyefaulu, akanitembeza barabarani kana kwamba nimeshamaliza. Nikamwambia ndiyo kwanza naanza, bado miaka minne. Akasema poda haiozi. Jioni jirani akaja na goti lake, anataka dawa. Nikamweleza kwamba udaktari wangu ni wa hesabu. Akaondoka amenuna.

Mimi siku nzima nilikuwa nawaza sura ya Adolphe tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Programu ya semina imetoka. Tarehe 25 nitaeleza mradi wangu. Mgeni wa heshima: Daktari Adolphe, bosi wangu wa zamani katika ofisi ya afya hapa Likasi. Nimecheka peke yangu jikoni.

Niandike kila kitu hapa, nisije nikalainika. Nilitengeneza modeli ya kutabiri kipindupindu: unaipa mvua, visima, anwani za wagonjwa, inakuambia ugonjwa utapiga wapi. Adolphe akaipeleka Kinshasa kwa jina lake. Hata rangi za michoro hakubadilisha. Nilipomuuliza, alinipigapiga begani, kama baba kwa binti: « Ma fille, ku kazi hakuna ya miye, hakuna ya weye. Ni ya équipe. » Équipe! Timu gani? Kwenye ndege alipanda nani?

Ila aliiba mapema mno. Modeli ina kosa, nami nilikuwa bado nalitafutia dawa. Wachimbaji wa mashimo ya upande wa Kambove, nje ya mji, wakiugua hawasemi wanatoka machimboni. Ikijulikana una kipindupindu, shimo lako anapewa mwingine. Basi wanataja anwani ya shemeji au ya binamu, Kikula, huku mjini. Najua kwa sababu mdogo wangu Souleymane anachimba kule. Modeli inaona ugonjwa Kikula, kumbe uko machimboni. Adolphe hajui. Hajawahi kukaa na mchimbaji hata kwa chai.

Tarehe 25 nitamuuliza swali moja, mbele ya maprofesa wote. Nimeshaliandika. Nalirudia baada ya sala, Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Courant ya umeme inakuja na kwenda. Kwenye grupu la WhatsApp la watu wa afya — bado hawajanitoa — Adolphe ametangaza wagonjwa wa kwanza. « Modeli yangu inaonyesha Kikula. » Yangu! Klorini yote ya kutibu maji, timu yote, Kikula. Watu wakamjazia picha za makofi.

Nilianza kujibu. Nikafuta. Nikisema leo, kesho atarekebisha, na kwenye semina atasema aligundua mwenyewe. Namjua. Acha azidi kuzama.

Nimempigia Souleymane arudi nyumbani. « Dada, shiwezi kutoka sasa. Tulipata malachite, jiwe ya shaba ya muzuri. Nikitoka, bengine banaingia mu shimo yetu. » Nikamwambia basi achemshe maji. Akacheka: kuni kavu atazitoa wapi na mvua hii? Sikumwambia sababu. Angewaambia wenzake, na maneno yangemfikia Adolphe.

Nimesoma sentensi hiyo ya mwisho. Ni mbaya. Naiacha.

Jumamosi, 15 Novemba

Profesa Emérance, anayenisimamia, alipiga simu kuhusu data. Nikashindwa kujizuia, nikamweleza kosa lote la Adolphe, na mpango wangu. Nilitegemea sifa. Akauliza kama kule machimboni wana klorini. Nikasema sijui. Nikasema semina iko karibu. « Mayimuna, semina haiponeshe muntu », akakata simu.

Nimemchukia mpaka jioni. Yeye hakuibiwa.

Jumapili, 16 Novemba

Simu ya Souleymane haipatikani tangu jana mchana. Labda betri. Labda mtandao, na mvua hii.

Nimeandika grupuni, mbele ya wote. Kwamba modeli ni yangu. Kwamba ina kosa, na kosa ni hili. Kwamba klorini iende machimboni leo. Niliweka « modeli ni yangu » mwishoni. Nikairudisha mwanzoni. Nikatuma.

Blaise, muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha machimboni, kajibu papo hapo: wagonjwa wamejaa mpaka kwenye baraza, alikuwa anashangaa mbona hakuna anayekuja. Gari la klorini limegeuzwa. Wengine wananishukuru kwa picha za makofi, wananiita Docteur. Na Adolphe anaandika... anaacha... anaandika. Mwaka mzima nilikuwa naiota dakika hii. Sitadanganya, ni tamu. Souleymane hajulikani alipo na bado ni tamu.

Nimemwomba Blaise pembeni amtafute Souleymane kati ya wagonjwa. Hajasoma.

Ujumbe wa Adolphe umefika. Hakukana. Hakutukana.

« Merci, ma fille. Hii kosa, ulijua tangu siku gani? »

Picha za makofi zimekoma. Profesa Emérance naye yumo, naona amesoma.

Nimeandika tarehe. Nimefuta. Nimeandika nyingine, ya karibu zaidi. Nimefuta. Simu ya Souleymane bado haipatikani. Nimeandika « jana ».

Sijatuma.