Mpira Ambao Budeba Hakuuita

S.L.P. 61,
Mbeya.
19 Septemba, 1976.

Mpendwa mdogo wangu Ezekia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima huko Amerika, na ile baridi uliyoilalamikia imepungua? Sisi hatujambo. Mama huko Kilolo magoti yanamsumbua, lakini shambani haachi kwenda, na ukimkataza ananuna siku mbili. Mke wangu Sekela alishikwa na malaria, sasa kapona. Mahindi tumevuna, si haba.

Sasa ndugu yangu, nina jambo limenikaa rohoni, na wewe ndiwe wa kuambiwa.

Unakumbuka barua yako ya Januari? Ulinieleza kwamba chuoni kwenu, katika mpira wenu ule wa umbo la yai, mpokeaji hasifiwi kwa wingi wa mipira aliyodaka. Wanahesabu mipira aliyorushiwa, kisha wanauliza kila mmoja umezaa nini. Ndivyo walivyomgundua mchezaji ambaye hakuna aliyemtazama. Ukaniomba nijaribu na wanachuo wangu hapa chuo cha ualimu. Nilicheka mpaka machozi. Nikamsomea Sekela, nikasema mdogo wangu vitabu vimemzidi, kwetu bao ni bao.

Ila dada yetu Damari alisikia, na si unamjua, akishikilia jambo ameshikilia. Alikaa kando ya uwanja mechi zote nane na daftari lake, akipiga mstari kila mtu alipopewa mpira. Daftari lile sikulifungua.

Julai mkoa ukanitaka nitoe winga mmoja wa timu yake. Nikamtoa Saulo, nahodha wetu, mwenye mabao manane, bila hata kufikiri. Winga mwenzake, Budeba, alikuwa na manne tu, na muda mwingi amesimama pembeni kule kama aliyesahau njia. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Naona aibu kuliandika.

Tena nilijua kitu nikakipuuza. Baba yake, aliyehamia Usangu na ng'ombe zake kutoka Usukumani, alishamwambia akichaguliwa na mkoa abaki chuoni, asipochaguliwa arudi kuchunga. Orodha ilipobandikwa Budeba akafunga sanduku, akaniaga kwa heshima zote, akaenda.

Wiki ya pili Damari akaniwekea daftari mezani. Saulo alipewa mpira mara tisini na sita, yaani bao moja kwa kila mipira kumi na miwili, wala hakumtengenezea mwenzake yeyote hata moja. Budeba alipewa mara kumi na nne. Kumi na nne, Ezekia, katika mechi nane! Akafunga manne, na mengine matatu akawatengenezea wenzake. Nusu ya mipira iliyomfikia ilizaa bao. Nilihesabu tena na tena nikitafuta kosa la Damari, sikuliona.

Nikapanda basi mpaka Chimala, nikaingia Usangu kwa miguu. Nilimkuta akinywesha ng'ombe. Daftari alilipokea kwa mikono miwili, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Nikamuuliza mbona hakuwa akipaza sauti kuomba mpira kama wenzake.

"Mwalimu," akasema, "Saulo ni mkubwa wangu. Mkubwa haitwi kwa kelele. Nilisimama anapoweza kuniona, nikangoja aniite."

Nilikosa pa kuweka uso. Waliopiga kelele walipewa mpira, nami nikawaandika kwenye orodha. Huyu alisimama ninapoweza kumwona mwaka mzima.

Nilimsihi baba yake, nikamwambia mkuu wa chuo yuko tayari kumrudisha. Mzee alinisikiliza kwa adabu, akanipa maziwa, akasema orodha imeshasomwa na kijana ameshakabidhiwa ng'ombe. Budeba alinisindikiza hadi barabarani akinibebea mkoba. Aliomba kitu kimoja tu, abaki na daftari. Nikamwachia.

Siku hizi Jumamosi naketi na Damari kando ya uwanja, naye ananiazima kalamu. Nahesabu, lakini macho yananipeleka pembeni kule, na hapana mtu.

Mama anakusalimu, Sekela pia. Damari anasema nikuambie yeye hakucheka. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe ukiwa na afya.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, niliyekucheka,

Jailos