Faili Kumi na Moja za Joram

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Adongo ameniuliza tena. Yuko likizo, alikuwa anachambua mrenda jikoni, mara: "Mum, kwani Dad alikuwa anaongea aje? Kama Uncle Gordon?" Nikasema, hapana, yake ilikuwa nzito kidogo. Lakini kwa kweli nimesahau! Mungu wangu, nimesahau sauti ya mume wangu. Nakumbuka viatu vyake. Nakumbuka alivyopuliza chai mpaka ikapoa kabisa. Sauti, hapana. Joram alifariki huyu mtoto akiwa bado tumboni. Miaka kumi na tano.

Nimeitoa flash yake kabatini. Faili kumi na moja, mahojiano yake na wavuvi na akina mama wa samaki kule Luanda Kotieno, kazi ya utafiti. Nimeitunza pamoja na cheti cha ndoa, nikadhani kufungia kitu kwa kufuli ndiko kukitunza. Simu yangu haizifungui. Ya Adongo pia haizifungui.

Jumatatu, 11 Agosti

Saiba ya Frankline, duka la kompyuta hapa Mamboleo. Amehangaika nazo saa nzima. Faili ziko sawa, anasema, lakini kinasa sauti cha Joram kilihifadhi kwa namna yake, na programu ya kuzifungua ilikuja na CD. "Madam, hiyo kampuni ilishaacha hiyo maneno. Hata kwa mtandao haiko."

Basi laptop yake? Ilikuwa na hiyo programu! Lakini baada ya mazishi vitu vyake viligawanywa kama ilivyo desturi. Suti kwa binamu, laptop kwa Gordon ndugu yake, makorokoro ya mezani kwa mama yao kule Kombewa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa mkeka na tumbo la miezi saba. Nani angeniuliza?

Nimempigia Gordon. Aliweka Windows mpya mwaka uleule. Kila kitu kilifutika. "Na hiyo mashine ilikufa kitambo, shemeji. Pole." Nimemkasirikia kutwa. Bure tu — hata mimi sikumwambia asifute.

Jumatano, 13 Agosti

Kombewa. Mama Seline, mkwe wangu, amezeeka, lakini mkono wake bado una nguvu, amenishika hadi nikaumia. Nikamuuliza kuhusu CD za Joram.

"Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, kwani hizo vitu ya kung'ara ziko na kazi? Nilifunga kwa mtama. Ndege zinaogopa sana."

Kwa mtama! Tukaenda shambani. Ziko tatu, zinazunguka kwa uzi wa nailoni, zinamulika huku na huku. Amezitundika msimu huu. Nyingine, anasema, ziliharibika miaka iliyopita. Nilicheka, nikalia, hata sijui kipi kilitangulia. Moja ina ufa. Moja imebambuka. Ya tatu ina mikwaruzo, lakini imeandikwa kwa kalamu, mwandiko wa Joram: PROGRAMU, USIPOTEZE.

Sikumlaumu. Yeye alikuwa anachunga mtama wake, na mimi nilikuwa nachunga flash isiyofunguka. Wakati wa kuniaga akasema, "Ukipata sauti ya mtoto wangu, uniletee na mimi." Nikaitikia tu kwa kichwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Imefunguka!! Frankline ana kompyuta kuukuu chini ya meza, huwa anawekea miguu. Ameifuta vumbi, ameisafisha CD kwa spiriti. Mara ya kwanza ikakataa. Ya pili. Ya tatu. Mara ya nne programu ikaingia, na zile faili zikajipanga kwenye skrini. Adongo alinishika mkono.

Faili ya kwanza: mzee anaeleza habari za omena, dagaa wa ziwani. Anamaliza. Tik. Anaanza jibu lingine. Tik. Jibu lingine. Maswali yako wapi?

Hapo nikakumbuka. Joram alikuwa anazima kinasa sauti kila anapouliza. Kuokoa betri, na pia alijivunia hilo — watu wanataka kuwasikia wavuvi, si yeye. Ee Joram! Tumesikiliza ya pili, ya tatu, ya nne. Wavuvi wote wa Luanda Kotieno wapo. Yeye hayupo.

Ya saba ni mama mmoja, anacheka: "Eh! Miezi sita? Na bado unazunguka huku beach? Enda nyumbani ukae na bibi yako!" Tik. "Adongo? Hilo jina ni mzuri. Na kama ni kijana?" Tik. Tena anacheka sana, kwa hilo jibu tusilolisikia.

Kwa hiyo alikuwa anasimulia habari zetu. Kwa mtu asiyemjua, kando ya ziwa, alikuwa anatutaja! Frankline alijifanya anatengeneza printa.

Ya nane, ya tisa, ya kumi. Hayupo. Ya kumi na moja ni ya siku moja kabla hajafariki. Sekunde tisa tu. Adongo akafunika spika kwa kiganja. "Hii tusikie na Dani," akasema, yaani nyanya yake. Frankline amezigeuza zote ziwe za kufunguka kwa simu yoyote, ameziweka kwangu, kwa Adongo, na kwa flash mpya.

Jumamosi, 16 Agosti

Kombewa tena. Naandikia hapa hapa sebuleni. Mama Seline amezima redio, amefunga kitambaa chake cha kanisani, kama anapokea mgeni. Simu iko mezani katikati yetu.

Sekunde tisa. Nani hujibu swali kwa sekunde tisa? Labda ni yeye. Labda ni upepo, alibonyeza vibaya akitia mfukoni. Nimeitamani sauti hii, na sasa naiogopa. Kabla haijalia, bado anaweza kuwemo.

Adongo anauliza, "Mum, nibonyeze?" Nimemwambia ngoja nimalize kuandika. Kidole chake kiko juu ya kioo. Mama Seline amefumba macho, midomo inatikisika. Sina tena cha kuandika, lakini bado naandika. Adongo amebonyeza. Tik.